Kabla hujanunua bodi ya mashine ya gemu, andika kwanza gemu zenyewe

Wanaoniuliza wanunue bodi gani kwa ajili ya mashine ya gemu ya nyumbani huanza karibu wote na swali moja: ipi ina nguvu zaidi? Nami huwauliza wanataka kucheza nini. Chukua karatasi, andika gemu kumi unazozitaka kweli, kisha itafute iliyo nzito kuliko zote. Hiyo ndiyo itakayokuchagulia bodi.

Pac-Man ya 1980 na Donkey Kong ya 1981 ni nyepesi mno. Hata Raspberry Pi (kompyuta nzima kwenye bodi ndogo moja) ya kwanza, iliyotoka 2012 na prosesa ya kiini kimoja cha megahezi 700, inazimudu. Street Fighter II ya 1991 na Metal Slug ya 1996 zinataka zaidi kidogo, lakini Pi 3 ya 2016 inazikimbiza bila kuhema. Hata Tekken 3, ile ya PlayStation ya kwanza iliyotufanya tuchelewe nyumbani tukitumwa dukani, inapita vizuri kwenye Pi 3. Shida inaanzia Nintendo 64 na Dreamcast: sauti inakatika, picha inaburuta, na hapo unahitaji Pi 4. PlayStation 2 usiiwazie kabisa kwenye bodi hizi ndogo. Hata Pi 5 ya 2023, pamoja na mbio zake zote, inachechemea kwenye gemu nyingi za mashine hiyo.

Kwa hiyo kwa watu wengi jibu langu ni Pi 4 yenye RAM ya GB 2. Muuzaji atakushawishi uchukue ya GB 8. Mwache. Gemu za zamani zilitengenezwa kwa mashine zenye kumbukumbu ndogo sana, na programu zinazoziendesha leo hazijui zifanye nini na GB 6 za ziada. Hela hiyo kanunulie joistiki nzuri.

Kuhusu bodi za bei poa, Pi Zero 2 W ilipotoka 2021 ilitangazwa kwa dola 15, na prosesa yake ni ya ukoo mmoja na ile ya Pi 3. Ukiitazama bei tu utadhani umeokota. Sasa hesabu: tundu lake la HDMI ni dogo, kwa hiyo unahitaji adapta. Ina tundu moja tu la USB la kuchomekea vitu, nalo ni dogo pia, kwa hiyo unahitaji adapta nyingine na habu (kifaa cha kuongeza matundu) ili wachezaji wawili wacheze pamoja. Tundu la spika halina. Ukimaliza kununua vikorokoro hivyo, tofauti ya bei imeyeyuka na ndani ya kasha kuna msitu wa waya. Mimi naipenda bodi hiyo kwa mashine ya kushika mkononi. Kwa kabati la gemu la kusimama watu wawili, hapana.

Kuna pia bodi za Kichina kama Orange Pi 5, yenye viini vinane, ambayo kwenye karatasi inatisha. Nguvu inazo kweli. Lakini kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa mfumo wa kuchezeshea gemu za zamani unaokusudia kuutumia, uwe Batocera, Recalbox, Lakka au RetroPie, uone kama bodi hiyo imetajwa kwa jina lake kamili na kama toleo lake bado linasasishwa. Bodi isiyo na watu nyuma yake itakuachia kazi ya kuhangaika na sauti isiyotoka kwenye HDMI usiku wa manane, na hakuna wa kumuuliza. Raspberry Pi inaweza kuzidiwa nguvu na wenzake, lakini tatizo lako lolote kuna mtu alishalipata na akaandika alivyolimaliza.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo mashine nyingi za nyumbani zinapofia.

Ukiona alama ya radi ya njano kwenye kona ya juu kulia ya skrini, bodi inalalamika kwamba volti zimeshuka chini ya 4.63. Mtu anashangaa: chaja yangu imeandikwa wati 33, inawezaje kuwa dhaifu? Wati hizo 33 chaja huzitoa kwa volti 9 au zaidi, baada ya kuelewana na simu. Pi 4 haijui kuelewana nayo. Inapokea volti 5 tu, na kwa volti 5 chaja nyingi za simu huishia ampea 2, wakati Pi 4 inashauriwa ampea 3. Ongeza na waya. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.2 ukipitisha ampea 3 unameza volti 0.6 njiani: chaja inatoa 5, bodi inapata 4.4. Ni kama kujaza pipa kwa mpira mwembamba uliobanwa na mlango, hata bomba lingekuwa na presha namna gani. Ndiyo maana chaja rasmi ya Pi 4 hutoa volti 5.1, na waya wake hauchomoki. Nunua hiyo. Kwa Pi 5 habari ni kali zaidi: inataka ampea 5, na ukiipa chaja ya ampea 3 itawaka, lakini itapunguza umeme unaokwenda kwenye matundu ya USB hadi miliampea 600. Ukichomeka joistiki mbili na flashi, utaanza kuona maajabu.

Umeme kukatika ghafla ni jambo jingine. Bodi hizi husoma mfumo wake kutoka kwenye memori kadi, na ikizimwa katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika. Watoto nao huchomoa tu. Kwa hiyo weka kitufe cha kuzimia kistaarabu. Pi 5 inacho tayari, Pi 4 unaunganisha mwenyewe kwenye pini zake. Kisha, ukishamaliza kupanga kila kitu, nakili kadi nzima kwenye laptopu. Kadi ikifa, unaandika nyingine na jioni hiyohiyo mnacheza. Ipo pia njia ya kuifanya kadi isomwe tu bila kuandikwa, ila ukizima mashine rekodi za pointi za wachezaji zinapotea. Nyumbani kwangu hilo lingeleta ugomvi.

Matumizi yenyewe ya umeme yasikuumize kichwa. Pi 4 ikichezesha gemu hula kama wati 5, maana yake yuniti moja ya LUKU, yaani wati 1,000 kwa saa moja, inaichezesha saa 200. Kompyuta ya zamani ya mezani ya wati 80 ingemaliza yuniti hiyo kwa saa 12 na nusu. Kumbuka tu kwamba televisheni ya LED ya inchi 32 nayo inaweza kula wati 40. Kwa mwenye sola, skrini ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Na hapo ndipo ninapoitetea TV ya chogo, si kwa umeme, maana inakula, bali kwa sura. Gemu za miaka ya themanini na tisini zilichorwa kwa kioo cha namna hiyo, na zinapendeza humo kuliko kwenye flati. Pi 3 na Pi 4 zina tundu la sauti linalotoa pia picha kwa waya wa AV wenye pete tatu. Angalia mpangilio wa waya huo: kwenye Pi, ukihesabu sehemu za plagi kutoka nchani, ardhi iko ya tatu na picha iko ya nne, mwishoni, na baadhi ya waya za kamera zina mpangilio mwingine, ukizichomeka hupati picha. Kama TV yako inakubali NTSC, chagua hiyo badala ya PAL (ni mifumo miwili ya kurushia picha kwenye TV), kwa sababu gemu nyingi za arkedi, zile mashine za kumbi za michezo, zinakwenda kwa mwendo wa karibu picha 60 kwa sekunde, na PAL ni 50. Pi 5 tundu hilo imeliondoa kabisa. Kwa mtu mwenye TV ya chogo, bodi ya zamani inaishinda mpya.

Joto la pwani nalo lina lake. Pi huanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 80, na ndani ya kasha la MDF lililofungwa Dar es Salaam haichukui muda. Mwambie seremala atoboe matundu chini na juu mgongoni, na ubandike kipande cha aluminiamu juu ya prosesa. Kwa Pi 5, feni si hiari.

Kama orodha yako ina Dreamcast nyingi au PSP, niamini, acha bodi. Tafuta kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, zile Lenovo Tiny, Dell Micro au HP Mini, na uchague yenye prosesa ya Intel inayoishia na herufi T, kama i5-6500T, kwa sababu hizo zimepangiwa wati 35. Batocera inawaka humo moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows.

Faili za gemu nyingi bado zina wenyewe kisheria, kwa hiyo usinunue kadi zilizojazwa maelfu ya gemu. Hata ukiacha sheria, nyingi zimechanganywa: MAME ni programu ya kuchezesha gemu za arkedi, na toleo lake la MAME 2003 linataka faili za seti ya 0.78, na faili nyingi za seti nyingine zitakataa kufunguka.

Mwisho, vile vibodi vya USB vya kuunganishia vitufe: ukinunua viwili vya aina moja, mfumo hauwezi kuvitofautisha kwa jina, na siku ukivihamisha matundu mchezaji wa kwanza anageuka wa pili. Andika 1 na 2 kwa kalamu kwenye plagi na kwenye matundu.