Wakala, omba kura zihesabiwe upya kabla hujatia saini

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana wa huku kwetu Tandika hunifuata kuniuliza kazi ya uwakala, yaani kumwakilisha mgombea na chama kituoni, ikoje. Wengi wanadhani kulinda kura ni kukaa benchi na kukodoa macho hadi usiku. Ninachowaambia ni kwamba siku utakayotaka kura zihesabiwe upya, hakuna atakayekusikiliza kwa sababu tu una mashaka. Utasikilizwa ukiwa na hesabu yako mkononi, uliyoianza asubuhi, na haioani na ile ya mezani.

Kabla ya yote, hakikisha umeapishwa kiapo cha kutunza siri na barua yako ya utambulisho iko mfukoni. Usilichukulie jambo hili kirahisi. Februari 2018, kwenye uchaguzi mdogo wa Kinondoni, watu waliandamana kudai hati za viapo vya mawakala. Mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliyekuwa ndani ya daladala wala hahusiki na maandamano, akapigwa risasi akafa. Kila nikiishika karatasi ile namkumbuka yule binti. Kwa hiyo fuatilia hati zako siku kadhaa kabla, usisubiri usiku wa kuamkia kura.

Siku yenyewe vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi. Wewe fika giza halijaisha vizuri, uone sanduku likigeuzwa kuonyesha kwamba ni tupu, kisha likifungwa lakiri. Andika namba za lakiri. Andika kituo kimepokea karatasi za kura ngapi. Fanya hivyo kwenye daftari, kwa kalamu, kwa sababu simu huenda usiruhusiwe kuitoa humo ndani. Saa 10 jioni kituo kikifungwa, na waliokuwa kwenye foleni wakishamaliza, uliza zimebaki karatasi ngapi, na ngapi ziliharibiwa na wapiga kura wakabadilishiwa. Tuseme kituo kilipokea 450, zimebaki 138 na zilizobadilishwa ni 2. Ndani ya sanduku inatakiwa kuwe na 310. Sasa wahesabu: huyu 171, yule 124, wengine wote 6, zilizokataliwa 9. Jumla 310. Ikiwa hivyo, mshukuru Mungu ukae kimya. Ikija 309 au 316, hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Nimewahi kuwa kituoni, darasa la shule ya msingi lenye joto la kuchemsha chai, jumla ya ubunge ikapungua kura moja ikilinganishwa na daftari langu. Kura moja tu. Mawakala wenzangu walishachoka, mmoja akaniambia, "Kaka, moja ina nini?" Nikamgeukia msimamizi wa kituo: "Mwalimu, kwa heshima, jumla yangu haikubaliani na hii. Naomba turudie." Hakubisha. Sheria inampa mgombea au wakala aliyepo haki ya kuomba hivyo hesabu inapokamilika, na msimamizi mzuri analijua hilo.

Ukikubaliwa, shikilia jambo moja: karatasi zisipekuliwe kwa kidole gumba kama noti za benki. Omba kila moja ifunguliwe, igeuzwe upande wenu, jina litajwe, ndipo iwekwe kwenye fungu lake. Tulifanya hivyo. Karatasi moja ilikuwa imejiingiza kwenye mkunjo wa nyingine, na ndiyo iliyokuwa imepotea. Halafu, katikati ya fungu la mgombea wetu, ikatokea kura ya mpinzani, alama ya vema iko wazi kabisa. Nikasema mwenyewe, hiyo si yetu. Kijana wa chama kile aliniangalia kwa mshangao, na tulipofika kwenye zilizokataliwa akawa upande wangu kwa kura moja ambayo vema lake lilikuwa limevuka mstari wa kisanduku. Mpiga kura alimtaka nani? Ilionekana bila shaka yoyote. Ikahesabiwa. Mshindi hakubadilika, ila sote tulitia saini fomu bila kinyongo.

Ukionea aibu kura inayokuumiza, hakuna atakayekuamini kwa ile inayokufaa.

Kinachonisikitisha ni mawakala wanaotia saini kwanza ndipo waanze kulalamika nje ya geti. Ukishasaini na sanduku likafungwa, msimamizi wa kituo hawezi kukusaidia tena. Ubunge utakwenda kuulalamikia Mahakama Kuu, kwa gharama na muda wenye ukomo. Urais huwezi kabisa: Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza ushindi uliokwisha kutangazwa, ingawa Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua mwaka 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka haki za watu. Sisi wa Dar es Salaam tunajua pia uchungu wa kurudia uchaguzi mzima: mwaka 1995 kura za hapa zilifutwa, tukapiga tena Novemba 19. Ukilinganisha na hayo, kurudia sanduku moja darasani ni kazi ndogo sana.

Usiondoke bila nakala ya fomu ya matokeo, ile tuliyozoea kuiita ishirini na moja: A ya Rais, B ya ubunge, C ya udiwani. Linganisha na ile iliyobandikwa nje, tarakimu kwa tarakimu. Majirani zetu Kenya, Mahakama ya Juu ilipoagiza masanduku ya vituo 15 yafunguliwe na kuhesabiwa upya mwaka 2022, kura za ndani zililinganishwa na fomu za vituo, si na kelele za mtu.

Nakala hiyo ifike usiku uleule kwa wakala wenu wa majumuisho, yule anayekaa pale matokeo ya vituo vyote yanapojumlishwa. Kule vituo vinasomwa kwa kasi, watu wana usingizi, na tarakimu mbili zikibadilishana nafasi hakuna anayeshtuka. Ukiwa wewe ndiye uliyeketi kule, panga nakala zako kata kwa kata kabla hawajaanza, fuatisha kwa kidole, na ukisikia namba isiyo yako nyanyua mkono palepale, kituo kinachofuata hakijatajwa.