Pegi za mbele: anza na mguu wako, si na duka

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Kakamega: "Dada, Disemba naenda Lodwar na pikipiki. Nikifika Kitale tu magoti yananiwaka. Ninunue pegi gani za mbele?" Nimeshaongea naye kwa simu. Lakini wanaoniuliza swali hili ni wengi, na najua wewe unayesoma hapa nawe una safari yako unayoiwazia usiku, ya Mombasa, ya Marsabit, au ya kuzunguka ziwa letu lote. Basi nijibu hapa, kwa kirefu.

Pegi za mbele ni vikanyagio vya ziada vinavyofungwa kwenye gadi, yale mabomba ya chuma yanayokinga injini, ili upate pa kunyoosha miguu. Watu huanza na pegi. Mimi nasema anza na mguu. Pegi ya bei ghali iliyofungwa mahali pasipo pako itakuumiza kuliko kukosa pegi kabisa.

Ninaendesha pikipiki aina ya Himalayan ya cc 411. Ukikaa, vikanyagio vya kawaida viko karibu chini yako na goti linakunjwa kama nyuzi 90. Saa ya kwanza huoni shida. Ya pili, goti linaanza kuchoma kwa ndani na nyonga zinakaza. Kutoka Kisumu kupanda hadi Kericho, kisha Mau Summit ambako baridi inakungoja, goti lililokaa mkao mmoja linafika Nakuru limeganda. Wengi hudhani dawa ni kuendesha miguu imenyooka safari nzima. Sivyo. Goti linataka kubadilishiwa mkao, na kazi ya pegi za mbele ni kukupa huo mkao wa pili.

Za kwanza nilizinunua katika duka moja Nairobi. Nilikwenda na mume wangu, lakini pikipiki ni yangu na pesa zilikuwa zangu. Muuzaji alimweleza yeye kila kitu. Nilipouliza klampu, kile kishikio kinachobana pegi kwenye gadi, inashika bomba la milimita ngapi, alimgeukia mume wangu akamjibu yeye, kisha akasema hizi wanawake hawazifikii. Mume wangu akamwambia, "Muulize mwenye pikipiki." Hakuniuliza. Muuzaji alipanda yeye mwenyewe, akanyoosha miguu yake mirefu, akafunga pegi pale ilipomfaa. Mpaka leo nikilikumbuka lile duka nasikia moto kifuani.

Zilidumu mpaka Awasi, nikirudi Kisumu. Pale umeshateremka, Nyanda za Kano ziko mbele yako, barabara inanyooka kuelekea Ahero, na mtu yeyote angetaka kupumzisha miguu. Ili kuzifikia ilinibidi nisogee mbele kwenye kiti na kukandamiza kwa kisigino. Klampu ilikuwa ya bolti moja, na ndani wametia kipande cha mpira laini. Ikazunguka. Mguu wa kulia ukaanguka ghafla, kisigino cha buti kikakwaruza lami. Nilikaza mikono, nikaachia mafuta, nikatoka barabarani taratibu. Kwenye gadi nilikuta mchubuko uliozunguka bomba, rangi imetoka mpaka chuma kinang'aa, na pegi inaning'inia ikitazama chini.

Aliyenipa mkao wangu ni fundi wa kuchomelea pale Kibuye, Kisumu. Hana duka la vioo. Aliniambia, "Mama, panda." Nikapanda na buti zangu za safari, jaketi, na mfuko wa tangi ukiwa mahali pake. Kijana wake akaishika pikipiki wima. "Sasa funga macho. Nyoosha miguu, usitafute chuma, pumzika tu." Miguu ikatulia yenyewe, goti limebaki na mkunjo mdogo, mgongo umeegemea pale unapoegemea siku zote. Akapiga alama ya chaki kwenye gadi, kulia na kushoto. Nilipofungua macho, alama zilikuwa karibu upana wa kiganja kutoka pale muuzaji alipofunga, tena chini zaidi. Nikashuka, nikapanda tena, akarudia. Chaki ikaangukia palepale. Nilijisikia mtu.

Hilo ndilo la kwanza, na ukilipata mengine ni mepesi. Usiruhusu mtu mwingine apande pikipiki yako akupimie. Panda wewe, na nguo za safari.

Kisha pima bomba la gadi. Zungushia ukanda wa karatasi, weka alama ncha zinapokutana, unyooshe kwenye rula, ugawanye kwa 3.14. Ukanda ukiwa karibu milimita 79 kabla ya kugawanya, bomba ni la 25. Ukiwa 100, ni la 32. Zipo pia za 22 na 28. Klampu iwe ya kipimo hicho hicho, ya bolti mbili. Ukiambiwa "itabana tu ukitia mpira", ondoka. Pegi yenyewe iwe inakunjika kuelekea juu, maana ukilala kwenye kona au pikipiki ikianguka, pegi isiyokunjika inagonga lami na kuinyanyua pikipiki, au inapinda gadi yote. Injini ya silinda moja inatetema, kwa hiyo chagua yenye mpira juu. Chuma cha meno kinashika vizuri kwenye matope lakini nyayo zitakufa ganzi. Angalia pia buti lisikae karibu na bomba la moshi linapotoka injini.

Nati ziwe zenye nailoni, au utie gundi ya nati. Halafu mimi huchukua rangi ya kucha nyekundu na kupiga mstari mmoja unaovuka nati na klampu. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Unaona kwa jicho, hata ukiwa kituo cha mafuta.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi vijana. Pegi za mbele si mahali pa kuishi. Ukiwa na miguu mbele huna breki ya mguu na huna gia. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, pikipiki inakula mita 22 kila sekunde. Mguu ukichukua sekunde moja kurudi kwenye breki, bodaboda aliyekata ghafla mbele yako ameshakuwa kwenye taa yako. Kwa hiyo miguu irudi nyuma kabla ya kila soko, kila shule, kila tuta. Na pale Salgaa, ambapo malori yanateremka mzigo umejaa na watu wengi wameshapoteza maisha, usinyooshe mguu hata kidogo. Tena ukiwa na miguu mbele huwezi kujiinua kwenye kiti, kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Wala usijaribu kusimama juu ya pegi hizo. Gadi haikutengenezwa kubeba mwili wako.

Msichana, mama, yeyote unayeambiwa hufikii: kinachosogezwa ni klampu, si mguu wako. Lipa pesa yako kwa anayekusikiliza.

Na wewe wa Lodwar. Fika Kitale, simama, pitia bolti zote nne kwa alenkii kabla hujaagiza chai. Kutoka Kapenguria kuteremka hadi Marich usiziguse pegi, kona ni nyingi na malori yanapanda kwa taabu. Ukifika Marich uliza hali ya usalama ya mbele, Kainuk si mahali pa kupita bila kuuliza. Ukishavuka huko kuelekea Lokichar, joto litakuwa kali na kuna vipande vilivyonyooka mpaka macho yanachoka. Hapo nyoosha, lakini ukiona mbuzi au ngamia hata kwa mbali, miguu nyuma. Badilisha mkao kabla goti halijaomba. Na ukisikia mtetemo umebadilika chini ya buti, usingoje mji unaofuata, simama pembeni uangalie ile rangi ya kucha.