Maswali ya Wasomaji: Mapambo ya Pasaka Siku za Masika

Swali. Shikamoo Bibi. Mwaka jana mimi na wanangu watatu, wa miaka mitatu, sita na kumi, tulikata karatasi za rangi tukatengeneza minyororo ya kupambia ukumbi kwa ajili ya Pasaka. Mvua ilianza Alhamisi. Karatasi zikanywea, gundi ya unga ikaota ukungu, na ilipofika Jumapili nusu ya mapambo yalikuwa sakafuni. Ya dukani ni ghali, na watoto hawapati kazi yoyote ya kuyafanya. Unanishauri nini safari hii? (Mama wa watoto watatu, Mbweni, Unguja)

Jibu. Marahaba, mwanangu. Kwa kalenda wanayoifuata Wakatoliki na Waanglikana, Pasaka haiji kabla ya tarehe 22 Machi wala haivuki tarehe 25 Aprili, na kwetu hizo ndizo siku ambazo masika huingia na kukolea, hata chumvi ikalowa ndani ya kopo. Kwa hiyo usiwalaumu watoto wala mkono wako: karatasi na gundi ya unga havikuumbiwa majira haya.

Rudi kwenye kitu ambacho mabibi zetu walikifanyia kazi mvua ikinyesha, nacho ni ukindu. Ukimjua msusi wa mikeka aliye karibu, mwombe akuuzie fungu dogo lililokwisha kutiwa rangi, ulilowanishe kwa maji kidogo ili lisikatike linapokunjwa, kisha umgawie kila mtoto kwa kadiri ya umri wake. Mkubwa ataweza kusuka ukili mwembamba wa kuzungushia fremu ya mlango. Wa miaka sita atasuka nyuzi tatu, kama anavyosukwa nywele, na kuziunga ncha kwa ncha ziwe pete za kutundika dirishani. Mdogo mpe kazi ya kuchagua rangi na kushikilia ncha, na akisuka kombokombo uache ukombo wake ulivyo, kwa sababu pambo lililofumuliwa na mama na kusukwa upya usiku si la mtoto tena. (Nimeyaona haya katika nyumba nyingi, na yangu ilikuwa mojawapo.)

Kazi yenyewe ianze Jumapili ya Matawi, mnapotoka kanisani na makuti mkononi. Chana ukanda mrefu wa upana wa kidole, uukunje kati, upitishe ukanda wa pili kwa kuukatiza na kuuzungusha mara mbili mahali pa makutano, kisha uchomeke ncha kwa nyuma. Huo ni msalaba, na hauhitaji gundi wala uzi. Kuti bichi hugeuka rangi ya majani makavu baada ya siku chache, jambo ambalo mimi naliona linafaa sana kwa juma linaloelekea Ijumaa Kuu. Ila muwakataze watoto kugusa kilele cha mnazi, hata ukiwa mfupi, maana mnazi una kilele kimoja tu na kikikatwa hufa.

Kwa kiota, chukua kifuu cha nazi iliyokwisha kukunwa, kisugue kwa mchanga mpaka pasibaki chembe ya nazi ya kuwaita sisimizi, na ukitandike usumba ndani. Kama bado unataka kitu cha kuning'inia chenye rangi nyingi, fundi cherehani atakupa bure vipande vya kanga na vitenge; vikateni pembetatu mvishone kwenye kamba. Vikilowa, vianikeni tu.

Swali. Watoto wa jirani zangu, ambao ni Waislamu, hucheza kwetu kila siku, na wakituona tunasuka mapambo ya Pasaka wanataka kukaa nasi. Sipendi kuwafukuza, wala sipendi kuwaudhi wazazi wao. (Baba, Chake Chake, Pemba)

Jibu. Mwendee mzazi mwenyewe kabla ya siku ya kazi, wala usimtume mtoto kuuliza. Mweleze waziwazi kipi ni alama ya kanisa, kama msalaba, na kipi ni ususi tu. Ukili hauna dini, na huenda yeye ndiye atakayewafundisha nyote kuusuka vizuri zaidi. Akikataa, mkubalie bila kumhoji. Miaka mingine huhitaji uangalifu zaidi: mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na katika mwaka kama huo shughuli za mayai na vitamu ziwekwe baada ya magharibi.

Swali. Nilichovya mayai ya kuchemsha katika maji ya choya nikitarajia yawe mekundu, yakatoka ya kijivu. Je, nilikosea wapi? Tena, yai lililokaa mezani tangu Jumamosi laweza kuliwa Jumatatu? (Shangazi wa watoto wanne, Wete, Pemba)

Jibu. Hukukosea. Rangi ya choya hubaki nyekundu ikiwa ndani ya uchachu, na ganda la yai ni la jamii ya chokaa, ambayo huuondoa uchachu. Vinapokutana, wekundu hugeuka buluu au kijivu. Ukizidisha siki ili kuurudisha, siki italila ganda lenyewe. Ukitaka rangi ya kutu iliyokolea, chemsha maganda makavu ya vitunguu maji kumi hivi katika nusu lita ya maji kwa nusu saa, chuja, tia kijiko kikubwa kimoja cha siki, kisha utumbukize mayai. Vijiko viwili vikubwa vya manjano hutoa njano safi. Tafuta mayai yenye ganda jeupe, kwani ganda la kahawia huifanya rangi ififie. Mtoto akibandika jani la kotmiri juu ya yai na kulifunga barabara kwa kipande cha soksi nyepesi kabla ya kulichovya, atalikuta limeacha umbo lake jeupe. Ile rangi ya kutilia ukindu isiguse yai la kuliwa hata kidogo.

Kuhusu swali la pili, hapana. Yai lililochemshwa lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, zaidi ya saa moja. Ya kupamba meza siku tatu yawe matupu: osha yai bichi kwa sabuni, litoboe kwa sindano pande zote mbili, vuruga kiini, ukisukume nje kwa bomba la sindano lisilo na ncha badala ya kumwachia mtoto apulize kwa mdomo, kisha suuza ganda na ulikaushe ndipo litiwe rangi. Kilichotoka ndani kipikeni siku hiyohiyo. Mayai sita au saba yanatosha mkate wa mayai, na kuyapiga mpaka yaumuke ni kazi ambayo watoto wanne wataigombania.