Leseni iliniumbua ofisini kwa watu, we soma stika kwanza

Juzi mdau kaniandikia inboksi: “Kaka, ofisini tuna dekstopu nne za Windows 7 zinakaribia kufa, nataka nizihamishie kwenye sava moja ziwe mashine pepe, kuna shida?” Mashine pepe ni kompyuta inayoishi kama programu ndani ya kompyuta nyingine. Nikacheka peke yangu, maana hilo swali mimi nilijiuliza nikiwa nishaharibu.

Ilikuwa ofisi moja hivi, jina naacha. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa imechoka, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikachukua Disk2vhd, ile programu ya bure ya Sysinternals, ikanyonya diski nzima ikawa faili moja, nikaifungulia VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe, na ikawaka mara ya kwanza! Nikajiona injinia. Nikampigia bosi pale pale, naye akafurahi akaniahidi na kompyuta za tawi la pili.

Siku mbili tatu hivi, skrini ikawa nyeusi, kule kona ya chini imeandikwa Windows hii si halali. Programu ya uhasibu ndo ikagoma kabisa, kumbe leseni yake ilifungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao ya mashine ya zamani, na ni mwisho wa mwezi, mishahara inasubiriwa. Bosi akaniuliza mbele ya watu, “Kijana, umetuwekea Windows ya wizi?” Inaniuma mpaka leo, stika halali ya leseni ya Windows si ilikuwepo ubavuni mwa kompyuta!

Sasa ukweli ni huu. Leseni iliyokuja na kompyuta toka kiwandani, wanayoita OEM, inaishi na mashine ile ile. Windows 7 ya hivyo inatafuta alama ya mtengenezaji ndani ya BIOS, ile programu ndogo ya kuwashia kompyuta, na mashine pepe haina alama hiyo. Hata ukiilazimisha ikakubali, masharti hayaruhusu kuhama. Ya rejareja, uliyonunua na boksi lake, hiyo inahama, bora uitoe kule ilikokuwa. Za jumla, zinazonunuliwa na ofisi kwa pamoja, zikithibitishwa kwa KMS (sava ya ofisi yenyewe) zinataka kompyuta 25 ndo zianze kukubali, ofisi ya watu sita usijisumbue.

Na vijana wenzangu, acheni “weka kraki tu bro”, yaani programu ya kudanganya leseni. Ofisi ya watu sio laptop yako ya geto. Soma stika, ongea na muuza programu KABLA hujagusa diski, halafu soma stika tena. Na kompyuta ya zamani usiifomati, mimi iliniokoa hiyo hiyo, nikairudisha mezani na kelele zake mishahara ikatoka.

Mdau, piga picha hizo stika nne unitumie, tuanzie hapo.