Hewa Ikiingia Mshipani, Ulizia Chemba ya Oksijeni Mapema

Mgonjwa alikuwa anaongea vizuri. Katolewa mrija wa mshipa wa shingoni, na ghafla anapumua kwa shida, anachanganyikiwa, au upande mmoja wa mwili unalegea. Usikubali uambiwe ni uchovu. Uliza waziwazi: "Daktari, haiwezekani hewa imeingia kwenye mshipa?" Dada yangu yalimpata hayo, na nashukuru mno kwamba muuguzi aliyekuwapo aliliwaza hilo kabla yetu.

Hewa huweza kuingia pia wakati wa dialisisi (kusafisha damu kwa mashine), wa upasuaji wa moyo au ubongo, hata wa kuchukua kinyama cha pafu kwa sindano. Mapafu huchuja viputo vidogo, lakini takriban mtu mmoja kati ya wanne ana kitundu moyoni ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa. Kiputo kikivukia hapo, kinaweza kufika ubongoni.

Muuguzi aliziba pale mrija ulipokuwa, akamlaza dada na kumwekea oksijeni ya asilimia 100. Siti skani haikuonyesha hewa yoyote, na hapo mjadala ukaanza kama kweli kuna haja ya rufaa ya kwenda kwenye chemba ya oksijeni, yaani chumba kilichofungwa ambamo shinikizo la hewa hupandishwa. Ipo! Viputo vinaweza visionekane kwenye picha na madhara yakawa yameshatokea. Sisi ndugu tulishikilia hapo.

Ndani ya chemba, shinikizo hupandishwa hadi takriban mara 2.8 ya lile la kawaida. Kiputo hubanwa kikabaki kama theluthi ya ukubwa wake. Mgonjwa anavuta oksijeni tupu, hivyo naitrojeni (gesi iliyo nyingi zaidi hewani) ya kwenye kiputo hutoka haraka, na oksijeni nyingi huyeyuka katika damu ikafikia sehemu zilizokosa hewa safi. Awamu moja huweza kuchukua karibu saa 5. Matumaini ni makubwa zaidi ikianza ndani ya saa 6, lakini mliochelewa ombeni vilevile, wapo wanaopata nafuu.

Kama safari ya kwenda kwenye chemba ni ya ndege, ulizeni kuhusu shinikizo la ndani ya ndege, kwa sababu likishuka viputo hutanuka. Hakikisheni pia mapafu yamekaguliwa: pafu lililopasuka na kuvujisha hewa lazima litibiwe kwanza. Simu, kiberiti na mafuta ya kujipaka haviingii kwenye chemba, moto humo ni hatari kubwa. Mgonjwa akiwa na fahamu, mfundisheni kumeza mate mara kwa mara shinikizo linapopanda, na masikio yakimuuma aseme papo hapo.