Nia isiyo na tarehe haifiki dukani

Jambo unalolitamani lipime kwa swali moja: utalifanya lini, saa ngapi, ukiwa wapi? Jibu likiwa "mambo yakikaa sawa", hilo bado ni tamanio. Si dhambi kutamani, ila tamanio halina kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Tuchukue mfano mmoja. Mama anauza chapati na maharage asubuhi. Anataka cherehani, ili mchana biashara ikishapoa awe anashona sare za shule na kurekebisha nguo za watu. Kila Januari anasema mwaka huu lazima. Anaomba, anaamini, na picha ya cherehani ipo kwenye simu yake. Imani anayo ya kutosha. Kinachomkwamisha ni kwamba imani hiyo haijakabidhiwa kazi.

Siku hizi mafundisho ya kujitamkia mafanikio yamejaa kila kona: jione tayari unacho, tembea kama unacho, kitakuja. Hapa pana tofauti ambayo watu wengi hawaambiwi. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito. Walioamini kwamba wanaweza kupungua, walipungua zaidi. Lakini waliokuwa wakijiona kichwani wameshakonda na mambo yote yamenyooka, walipungua kidogo kuliko wenzao. Kuamini kwamba utaweza ni jambo moja, kuishi ndani ya ushindi ambao hujaupata ni jingine. Hili la pili linakuridhisha kabla ya wakati, na aliyeridhika hana sababu ya kuamka saa kumi na moja.

Dawa yake si kuacha kuota. Kaa mahali patulivu, uwaze kwa dakika chache faida utakayoipata. Halafu hapo hapo waza kile kilicho ndani yako kinachoweza kukuzuia. Ufuate mpangilio huo huo, faida kwanza na kizuizi baadaye, kwa sababu ukigeuza haufanyi kazi ile ile. Na kizuizi kiwe chako kweli. "Uchumi mgumu" hakifai, maana huna la kukifanya. "Nikishika hela jioni siwezi kumkatalia anayekopa" kinafaa. "Nikiunganishwa kwenye grupu la mchango wa harusi naona aibu kuahidi kidogo" kinafaa zaidi, na wengi wetu tukisema ukweli, hapo ndipo mitaji inapofia.

Kizuizi kikishajulikana, nia inapata umbo. Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza mipango ya aina ya "likitokea hili, nafanya lile", na mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 wakaona kwamba mipango hiyo huwasaidia watu kufikia malengo yao zaidi ya kunuia kwa jumla. Watu wa pwani hawatashangaa. Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii huweka nia ya funga ya Ramadhani kila usiku kabla ya alfajiri, kwa ajili ya funga ya kesho yake. Hakuna anayenuia kufunga "siku moja".

Kwa mama wa chapati, sentensi iwe hivi: "Mteja wa mwisho akiondoka na nikimaliza kuhesabu mauzo, kabla sijaosha sufuria, natoa 1,500 naingiza kwenye kibubu." Tazama ilivyojengwa. Imefungwa kwenye tukio linalotokea kila siku, wala haimtegemei yeye kukumbuka au kujisikia vizuri. Imetaja kiasi na mahali. Na inatangulia matumizi, kwa sababu anayesubiri kuweka kinachobaki hukuta hakijabaki. Ya pili: "Nikiombwa mchango, najibu kwamba nitatoa 5,000, na sisomi ahadi za wengine kwanza." Sentensi mbili au tatu zinatosha. Ukiandika kumi, hakuna hata moja itakayokujia kichwani wakati wa kuitumia.

Ile 1,500 imetoka wapi? Imetoka dukani. Nenda uulize bei, usikisie, na usiishie kwenye bei ya mashine peke yake. Kuna meza na stendi, sindano za akiba, mafuta, bobini, uzi wa kuanzia na usafiri wa kuileta nyumbani. Tuseme jumla imefika shilingi 360,000. Akiweka 2,000 kila siku, ni siku 180. Sasa ongeza theluthi ya muda. Roger Buehler na wenzake, katika utafiti wa 1994, waliwauliza wanafunzi wataandika tasnifu zao kwa siku ngapi. Kwa wastani walisema 34, wakatumia zaidi ya 55. Binadamu tunapokadiria tunahesabu siku nzuri tu. Hatuhesabu malaria, msiba wala unga kupanda bei. Kwa hiyo siku ziwe 240, na kiasi kishuke hadi 1,500, yaani chapati tatu za shilingi 500. Akianza tarehe 1 Machi anamaliza 26 Oktoba, na anabaki na miezi miwili ya kuzoea mkono kabla ya msimu wa sare.

Lakini asianze na 1,500. Kabla ya hapo aweke 500 kwa siku 14 mfululizo. Zitakuwa 7,000 tu, na ukimwambia mtu atacheka. Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu mtu kuamini uwezo wake mwenyewe, aliona kwamba chanzo chenye nguvu kuliko vyote cha imani hiyo ni kuwa umeshafanya jambo likafanikiwa. Maneno ya kutiwa moyo yamo kwenye orodha yake, ila ni dhaifu zaidi. Kuona mtu kama wewe akifaulu kunasaidia pia, na hapo sisitiza "kama wewe": fundi wa mtaa wa pili aliyeanza na mashine moja ana faida kwako kuliko tajiri wa kwenye runinga. Anayeanza na kiasi kikubwa akakwama wiki ya tatu amejifunza kwamba yeye hawezi, na somo hilo halifutiki haraka.

Sasa kibubu chenyewe. Vile vya mbao vinavyochongwa na maseremala vina tundu la kuingiza noti na kifuniko kilichopigiliwa misumari. Tazama kibubu cha miezi mitatu: kingo za tundu zimechubuka kwa ncha ya kisu, maana mwenyewe amekuwa akichokonoa noti usiku. Wengi wanadhani dawa ni kibubu kigumu zaidi, au kumpa mtu mwingine ufunguo. Utafiti wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2013, unaonyesha kinyume. Waliwapa wanachama wa vyama vya akiba masanduku ya kufuli ya kuwekea hela za mahitaji ya afya, kama vyandarua. Waliobaki na funguo zao walinunua zaidi. Ambao ufunguo wao ulishikwa na mtu wa mradi hawakuongeza ununuzi kwa kiasi cha maana, kwa sababu waliogopa kufungia hela ambayo wangeihitaji kwa dharura ndogo ndogo. Hela ikishakuwa na mahali pake na jina lake, mwenyewe hupata nguvu ya kukataa. Andika "cherehani" juu ya kibubu kwa kalamu nene. Dharura iwe na kikopo chake pembeni, hata cha 300 kwa siku.

Ukipenda simu, tumia laini isiyo ya biashara, na peleka 10,500 kwa mkupuo kila Jumapili ili makato yasikule kidogo kidogo. Kikoba ni kizuri pia, mradi mgao wa mwisho wa mzunguko uje kabla ya tarehe yako. Mkopo wa kausha damu, yaani ule wa riba kubwa, usiuguse kwa ajili ya cherehani ambayo bado haijakushonea hata gauni moja.

Siku zitarukwa. Kosa linaloua mipango mingi ni kufidia: jana hakuweka, leo anadaiwa 3,000, hana, kesho deni ni 4,500, basi anaacha kabisa. Siku iliyorukwa ipelekwe mwisho wa foleni. Amekosa siku kumi? Tarehe inasogea kutoka 26 Oktoba hadi 5 Novemba, kiasi kinabaki 1,500.

Tarehe 28 Juni ni siku ya 120, na kibubu kinapaswa kuwa na 180,000. Kikihesabiwa kikawa na 150,000, aendelee tu. Kikiwa chini ya 90,000, kuongeza imani hakutasaidia kitu. Hesabu ndiyo imekataa, na kubadili lengo mapema si aibu. Anaweza kutafuta cherehani iliyotumika. Aende na fundi, azungushe gurudumu kwa mkono asikie kama linakwama, ashone kitambaa chepesi kisha jinzi iliyokunjwa mara mbili, na afungue chini aone kama kisanduku cha bobini kimelika. Uzi ukikatika mara kwa mara kwenye jinzi, bei ishuke au aiache hapo hapo.