Kwa nini mto wa Magic Kingdom umeondolewa
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Disney wauondoe mto wa kutengenezwa wa Magic Kingdom, bustani yao ya burudani kule Florida, ili wajenge eneo la Cars, filamu ya katuni ya magari ya Pixar, ilhali wana ardhi tele. Ardhi ipo kweli, na eneo jipya la wabaya wa katuni limepangwa huko nyuma ya Big Thunder, treni ya mchezo ya kasi. Ila mto ulichukua nafasi kubwa ndani ya bustani yenyewe, na kisiwa cha Tom Sawyer kilifikiwa kwa chelezo tu, kikifungwa giza likikaribia. Kwa anayehesabu wageni, hiyo ni nafasi ya kujenga.

Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Mto ulikuwepo tangu 1971: meli ikizunguka taratibu, watoto wakikimbizana mapangoni, wazee kivulini. Kwa joto na foleni za Florida, watu wanahitaji mahali kama pale kuliko mchezo mwingine wa kasi. Na njia ya kati ilikuwepo! Disneyland ya California ilifupisha mto wake kupisha eneo la filamu za Star Wars, na 2017 meli ya Mark Twain ikarudi majini. Florida wakafunga mto, meli na kisiwa vyote Julai 2025.